R7 au Ninja 650 kwa mtu mfupi?

KofiaNyekundu
Wakuu, nina urefu wa sentimita 161 na nimekwama kati ya pikipiki mbili, Yamaha R7 na Kawasaki Ninja 650. Jumamosi rafiki yangu alinipa R7 yake ya 2022 nijaribu. Kiti kiko milimita 835 kutoka chini, nikawa nasimama kwa ncha za vidole kama ninayetafuta sukari juu ya kabati. Barabara ikiwa wazi, raha tupu. Ila foleni ya Kimara hadi Ubungo viganja viliwaka moto, kidole gumba cha kushoto kikafa ganzi. Ninja sijaikalia, nasikia kiti ni 790. Kazini naenda kila siku, Chalinze labda mara moja kwa mwezi. Nichukue ipi?

GiaYaSita
Dada, kiti ni nusu ya habari. Usukani ndio unaokuumiza. Mikono ya R7 imefungwa kwenye shokapu za mbele, chini ya ile pleti ya juu inayozishika, kwa hiyo unainama na uzito unaangukia viganja. Ya Ninja imeinuliwa juu ya pleti, mgongo unakaa karibu wima. Ukikimbia, upepo unakubeba kifua. Kwenye foleni upepo utautoa wapi?

BabaWawili
Nimepanda R7 miaka miwili na viganja viko salama. Bana tangi kwa mapaja, viwiko vilegee. Ukisimama, sogeza tako pembeni, mguu wa kushoto ukanyage wote, wa kulia ubaki kwenye breki. Ila fundi asikushawishi kuishusha kimo! Niliishusha ya kwanza: kwenye kona vikanyagio vinakwaruza lami, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima. Yangu ililala ubavu mbele ya duka la dawa, watu wanatazama.

KofiaNyekundu
Nimerudi. Ninja nimeikalia leo, nyayo zinagusa karibu zote. Muuzaji alikuwa ameishikilia kwa nyuma kama ananifundisha baiskeli, nikamwambia aachie. Ina kilo 193, tano zaidi ya R7, lakini nimeirudisha nyuma kwa miguu nikiwa nimekaa. R7 haikusogea hata kidogo. @BabaWawili, mbinu ya tako inafanya kazi, tatizo ni kuirudia mara thelathini kabla ya kufika Ubungo. Nimelipa kianzio cha Ninja. R7 nimeruhusiwa kuiazima Jumapili, mradi niirudishe na tangi limejaa.