Cheni hukaza mahali na kulegea mahali, na tairi la nyuma linalika upande mmoja: nakosea wapi?

Mkorosho wa Tandahimba

Habari za kazi ndugu zangu, na kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Nina pikipiki ya cc 150 yenye cheni ya kawaida namba 428. Msimu wa korosho hubeba magunia kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, na miezi mingine hubeba abiria kati ya Tandahimba mjini na vijiji vya jirani. Barabara zetu mnazijua: kiangazi ni mchanga unaomeza nusu ya tairi, na masika ni utelezi.

Tatizo lina mwezi wa pili sasa. Nikikaza cheni ikakaa vizuri, nikazungusha gurudumu kwa mkono nusu mzunguko, naikuta imevutika kabisa, na nikizungusha tena inaning'inia. Siku tatu baadaye inapiga kava na kulia. Tairi la nyuma linalika zaidi upande mmoja, na meno ya sproketi kubwa (gurudumu la meno la nyuma linalozungushwa na cheni) yameng'aa ubavu wa ndani tu, huku ubavu wa nje ukiwa bado na rangi yake. Kinachonishangaza ni kwamba ekseli naifunga kwa kufuata vistari vilivyochongwa kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma), kushoto kistari cha nne na kulia kistari cha nne, kwa hiyo naamini gurudumu limenyooka.

Naomba kujua namna ya kupima mkazo kwa usahihi, na namna ya kuhakikisha gurudumu limenyooka bila kuwa na vifaa vya gereji kubwa. Pia niliwahi kuona Mikindani pikipiki ya mgeni inayoendeshwa kwa mkanda wa mpira badala ya cheni. Je, kwa mchanga wetu mkanda ungekuwa na nafuu?

Fundi wa Mikindani

Marahaba, mdogo wangu. Maelezo yako yana matatizo mawili yaliyofuatana, na ni vizuri kuyatenganisha kabla hujashika spana.

La kwanza ni hiyo cheni inayokaza mahali na kulegea mahali. Cheni haivutiki sawasawa urefu wake wote. Pini zilizopata mchanga na kutu huliwa upesi kuliko nyingine, na wakati mwingine sproketi yenyewe haijakaa katikati barabara. Kabla ya kurekebisha chochote, safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, kisha ipime. Namba 428 ina hatua ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivute inyooke, hesabu pini 21, na upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya itakupa milimita 254, na ikifika 259 imekwisha, wala hakuna marekebisho yatakayoisaidia. Ukinunua, nunua seti nzima pamoja na sproketi zake mbili, kwa sababu meno yaliyochongoka huila cheni mpya kwa muda mfupi sana.

Ikiwa bado ina uhai, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Nasisitiza injini izimwe: mafundi waliopoteza ncha za vidole kwa kufuta cheni huku injini ikizungusha gurudumu si wachache. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono na utafute mahali cheni inapokaza kuliko pote, kisha upime hapo hapo, katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, kwa kuisukuma juu na chini kwa kidole ukiwa na rula pembeni. Pikipiki nyingi za ukubwa wa yako huhitaji mchezo, yaani nafasi ya cheni kupanda na kushuka, wa milimita 20 hadi 30, lakini kauli ya mwisho ni ya kitabu cha pikipiki yako au kibandiko kilichopo karibu na cheni, ambacho pia kitakuambia kama kipimo ni cha stendi kubwa au ndogo. Ukipima mahali palipolegea na kukaza hapo, sehemu iliyokaza itakuwa haina mchezo hata kidogo, na nadhani hicho ndicho umekuwa ukikifanya.

Sababu ya kuacha mchezo huo yafaa ieleweke, maana wengi hudhani cheni iliyokaza ndiyo salama. Sproketi ndogo iko mbele kidogo ya bolti kubwa ambayo mkono wa nyuma hupandia na kushukia. Ukipakia gunia la korosho, shokapu zinabonyea, mkono unapanda, na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka hadi pale sproketi ndogo, bolti hiyo na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Cheni uliyoikaza pikipiki ikiwa tupu haina pa kwenda wakati huo. Inachokifanya ni kuvuta beringi za habu (kitovu cha gurudumu) na beringi ya shafti inayotoka kwenye gia, na hiyo ya gia ikifa, injini inafunguliwa. Kwa mzigo wa namna yako ni heri cheni iwe upande wa kulegea ndani ya kipimo kuliko upande wa kukaza.

Sasa mnyoosho. Vistari ulivyovifuata havitoshi. Hupigwa kwa haraka kiwandani, na mkono uliowahi kupinda au kuchomelewa unaviondoa kabisa kwenye ukweli. Fikiria hivi: umbali kati ya ajasta (bolti ya kusogeza ekseli) ya kushoto na ya kulia ni kama sentimita 20, lakini kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele ni karibu mita 1.3. Kosa la milimita 2 kwenye ekseli linakua hadi zaidi ya sentimita 1 likifika mbele. Ndiyo maana jicho halilioni nyuma, ila uzi unaliona mbele.

Chukua uzi wa fundi mwashi, upitishe nyuma ya tairi la nyuma kwa kimo cha juu kadiri stendi inavyokuruhusu, kisha uvute ncha zake mbili hadi mbele ya tairi la mbele, moja kila upande, na uzifunge kwenye mawe au vigingi. Sogeza vigingi ndani polepole mpaka kila uzi uguse kingo zote mbili za tairi la nyuma, ya nyuma na ya mbele, bila kupinda. Nyoosha usukani. Kama tairi lako la mbele ni 2.75 na la nyuma ni 3.00, tofauti ya unene ni kama milimita 6, hivyo kila upande wa tairi la mbele unapaswa kuwa na nafasi ya takriban milimita 3. Nafasi zikiwa sawa, magurudumu yamenyooka. Upande mmoja ukiwa na nafasi kubwa na wa pili uzi umelala juu ya tairi, gurudumu la nyuma linatazama upande ule wenye nafasi kubwa, na maana yake ekseli ya upande huo imevutwa nyuma mno.

Kurekebisha, legeza nati ya ekseli. Angalia pia upande wa sproketi, kwani baadhi ya pikipiki zina nati ya pili ya ndani inayoshika bushi ya kibebea sproketi. Usipoilegeza utakuwa unavutana na chuma. Ajasta yenye bolti ya milimita 8 husogeza ekseli milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo nenda kwa robo robo. Ukimaliza, sukuma gurudumu mbele ligote kwenye ajasta, kanyaga breki ya nyuma na uishikilie huku mwenzako akikaza nati ya ekseli, ili sahani ya breki ikae katikati ya ngoma. Pima mkazo tena baada ya kukaza, kwa sababu nati ya ekseli huubadilisha mara nyingi. Mwisho urekebishe fimbo ya breki: gurudumu likirudi nyuma fimbo inavutika, na breki inabaki imeshika bila wewe kujua hadi ngoma ipate moto.

Mzee wa Nachingwea

Fundi amesema vema, nami naongeza jambo moja ambalo naona amelipita. Uzi unakuambia kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Haukuambii kama sproketi mbili ziko kwenye mstari mmoja. Kwa pikipiki ambayo haijaanguka, mambo hayo mawili huenda pamoja, lakini kwa iliyowahi kugongwa au iliyofungwa rimu na spoku upya na mtu asiyeipima, unaweza kunyoosha magurudumu na bado cheni ikapanda sproketi kwa ubavu.

Kijana, hayo meno yaliyong'aa ubavu wa ndani tu ndiyo yanayonifanya niandike. Fungua kava, chuchumaa nyuma ya pikipiki, na utazame cheni ya juu kwa jicho moja kutoka sproketi kubwa kuelekea mbele. Inapaswa kwenda kama mstari, bila kupinda pale inapoachana na meno. Baada ya hapo shika tairi la nyuma kwa juu, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, tafuta kwanza kama mchezo uko kwenye beringi za habu au kwenye bushi za mkono wa nyuma, kwa sababu kunyoosha gurudumu juu ya bushi zilizokwisha ni kazi ya siku moja: ukipakia mzigo linapinda upya. Kwa mchanga wa uwanda wa Makonde na magunia, bushi hizo hufa mapema, na ni watu wachache wanaokumbuka kuzitia grisi. Ningeanzia hapo kabla ya uzi.

Binti Fundi, Lindi mjini

Shikamoo mzee, shikamoo fundi. Kaka wa Tandahimba, nijibu lile la mkanda, kwa kuwa nimewahi kusaidia kuuhudumia mmoja kwenye pikipiki kubwa ya msafiri aliyekuwa akipita Lindi.

Mkanda hauhitaji oili, hauna kutu, na ukifungwa vizuri hudumu muda mrefu kuliko cheni. Mkazo wake hupimwa kwa kifaa kinachousukuma kwa nguvu ya kama kilo 4.5 katikati, kisha unasoma umebonyea milimita ngapi, na kipimo hicho hutofautiana kwa kila aina ya pikipiki. Upande wa mnyoosho ni mkali kuliko cheni. Gurudumu likipinda kidogo, mkanda hutembea hadi ukingo wa puli (gurudumu linalobeba mkanda) na kuanza kujikwangua, na vumbi jeusi la mpira linakuwa ndiyo dalili ya kwanza.

Kwa njia zako sikushauri. Jiwe dogo likiingia kati ya mkanda na puli hutoboa mpira au kukata nyuzi za ndani, na mkanda uliokatika hauungwi njiani kama unavyounga cheni kwa kiungo cha akiba. Pikipiki za kazi za ukubwa wako hutengenezwa kwa cheni, na spea zake zinapatikana hata vijijini.

Kuhusu kiungo, nikukumbushe: ile klipu yake, upande uliofungwa utazame kule cheni inakoelekea. Ikifungwa kinyume, kijiti kimoja tu kinatosha kuichomoa. Na tafadhali acha kumwagia cheni oili chafu ya injini. Inashika mchanga na kuwa kama msasa. Paka oili nzito ya gia kidogo upande wa ndani wa cheni jioni ikiwa bado ya moto, iache usiku kucha, na asubuhi uifute kwa kitambaa kabla ya kutoka.

Mkorosho wa Tandahimba

Nawashukuru nyote, na narudisha majibu ya kazi niliyoifanya Jumapili pamoja na mdogo wangu.

Nilianza na alichosema mzee. Beringi za habu ni nzima, lakini mkono wa nyuma ulicheza, na tulipoufungua tulikuta bushi ya kushoto imelika upande mmoja na grisi imekauka kama udongo. Nimeweka bushi mpya pande zote mbili. Cheni ilinipa milimita 257, kwa hiyo inaelekea ukingoni ingawa haijafika.

Kisha tukaweka uzi. Kushoto nafasi kwenye tairi la mbele ilikuwa milimita 15, na kulia uzi ulikuwa umelala juu ya mpira. Nimerudisha ajasta ya kushoto mzunguko mmoja na nusu, na nafasi zikawa milimita 3 na 4. Vistari sasa havilingani hata kidogo: kulia ni cha nne, na kushoto ekseli iko mbele ya cha nne, karibu nusu ya nafasi kati yake na cha tatu. Nimepiga alama yangu mwenyewe kwa patasi.

Mkazo nimeuacha milimita 28 mahali panapokaza kuliko pote. Jana nimebeba magunia mawili kwa safari tatu na cheni haikupiga kava. Fundi, nina swali moja lililobaki: kwa kuwa sproketi kubwa tayari imelika ubavu wa ndani, je, niitumie hadi cheni ifike 259, au nibadilishe seti sasa kabla msimu haujachanganya?

Fundi wa Mikindani

Badilisha sasa. Umebakiza milimita 2, na kwa safari za magunia kwenye mchanga utazimaliza katikati ya msimu, siku ambayo huna nafasi ya kusimama. Seti mpya ikishafungwa, rudia kipimo cha mkazo baada ya siku chache za kwanza za kazi, kwani cheni mpya hujivuta kidogo mwanzoni, na uweke uzi tena siku hiyo hiyo.