Jerry wa The Divorcee (1930): alirudi kwa mapenzi au alisalimu amri?

Mleta mada: Wadau, jana nimeirudia The Divorcee. Ted anachepuka, anamwambia mkewe Jerry jambo lenyewe si chochote. Jerry naye analala na Don, rafiki wa Ted, kisha anamwambia mumewe hesabu zimelingana. Ted anawaka, ndoa inavunjika. Halafu mkesha wa mwaka mpya, Paris, wanarudiana! Mwisho ule umeniharibia filamu. Mnasemaje?

Mpenda Senema: Haujaharibu kitu. Pale Norma Shearer, aliyeigiza Jerry, anapomwambia Ted kwamba mlango wake sasa umefungwa kwa mwanamume mmoja tu duniani, yeye, nywele zilinisimama. Oscar aliistahili.

Msumari: Oscar gani? Mumewe Irving Thalberg alikuwa bosi MGM, studio iliyoitengeneza filamu yenyewe. Mke wa mpishi halali njaa.

Dada Zu: Hapo umenikera. Thalberg huyohuyo alimwona mstaarabu mno kwa nafasi ile. Ikabidi mama wa watu aende kwa mpiga picha George Hurrell, apigwe nywele zimeachiwa, joho limelegea, ndipo mume akafumbuka macho. Mke wa bosi gani anafanyiwa usaili na mumewe?

Msumari: Kwa hiyo aliyeamua ni mume. Ahsante.

Dada Zu: Ungejua kusoma tungefika mbali.

Mzee wa Reli: Vijana, tulieni. Enzi hizo kanuni za maadili ya senema zilikuwa hazijaandikwa, ndiyo maana mwanamke akaachiwa kuchepuka hadharani.

Mpenda Senema: Shikamoo mzee. Ziliandikwa 1930 hiyohiyo, meno zikaota 1934.

Mzee wa Reli: Marahaba. Ndicho nilichosema.

Mleta mada: Jamani, nimeuliza habari za Jerry.

Msumari: Jerry angevumilia. Kosa moja tu la mume!

Dada Zu: Na Ted alishindwaje kuvumilia moja la mke? Au la mke lina VAT?

Msumari: Wewe umeolewa kweli?

Dada Zu: Haya, tumehamia kwangu sasa.

Kimya Kingi: Mbona hakuna anayemtaja Dorothy? Paul aliendesha gari amelewa, akamharibu uso, akamwoa kwa huruma, baadaye anataka kumwacha ili amchukue Jerry. Jerry alipoongea na yule dada ndipo akaachana na Paul, akaenda kumtafuta Ted. Mwisho unaanzia pale, si Paris.

Mzee wa Reli: Hilo gari lilikuwa aina gani?