Naomba ushauri: niache kuwasomea wadogo zangu habari za maafa?

Mwana Kibirizi:
Wakuu, shikamooni wakubwa. Napenda sana vitabu vya maafa ya kweli na jinsi watu walivyonusurika. Kukiwa na mbalamwezi na mitumbwi imepumzika, huwasomea wadogo zangu wanaovua dagaa.

Juzi ilikuwa zamu ya Essex, meli ya wavua nyangumi wa Marekani. Mwaka 1820, katikati ya Pasifiki, nyangumi aliigonga mpaka ikazama. Watu 20 wakabaki kwenye mashua tatu. Visiwa vya Marquesas vilikuwa vinafikika, ila waliogopa kwamba wenyeji wanakula watu, wakaamua kuzunguka mbali kwenda Amerika ya Kusini. Njaa ikawashika, mwisho wakala wenzao wao wenyewe. Walionusurika ni 8.

Mama akasikia, akaja juu: "Wanangu wanakesha majini, wewe unawaitia mkosi!" Tangu hapo hataki kukiona kitabu. Sitaki kumvunjia heshima, lakini naamini habari hizi zina faida kwa mtu wa ziwani. Nifanyeje?

Bi Mwanga:
Marahaba mwanangu. Mama usimlaumu. Sisi tuliosikia habari za kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 bado zinatukaa moyoni, na yeye kila usiku anasikiliza upepo. Ila hapo umeanzia pabaya, habari za kula maiti! Msomee wachimbaji 33 wa Chile, mwaka 2010. Walikaa chini ya ardhi siku 69, na 17 za kwanza huku juu hakuna aliyejua kama wako hai. Chakula walikipima: vijiko viwili vya samaki wa kopo kwa mtu, kila baada ya saa 48. Mwanzoni wachache walivamia akiba ya biskuti, lakini baadaye wakakubaliana kugawana sawa. Wakatoka wote 33. Mwite mama naye asikilize.

Mtoto wa Reli, Tabora:
Usiache, ndugu yangu. Sisi wa reli tuna 24 Juni 2002. Treni ya abiria ilikuwa inapanda mlima upande wa Dodoma, breki zikashindwa, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na ya mizigo. Walikufa zaidi ya watu 280. Hadi leo kwetu hiyo tarehe haitajwi kwa sauti kubwa.

Nakuomba usisome kwa ajili ya idadi ya vifo. Ukifika penye uamuzi, funga kitabu uwaulize: nyie mngefanyaje? Pale Marquesas palepale! Woga wa jambo wasilolijua ndio uliowapeleka kwenye njaa. Halafu waulize ya kwao: injini ikizima usiku, upepo unawapeleka wapi?

Nahodha Mstaafu:
Maboya wanavaa?

Mwana Kibirizi:
Mkubwa anavaa, mdogo anasema linambana akivuta nyavu. Lakini tangu Essex wanapakia makasia hata injini ikiwa nzima, na mama hilo hajaambiwa. Leo namwambia, kisha namsomea ya Chile.