Naomba ushauri: timu yetu ya raga Pemba tuingie ligi ya bara au tuanze na ya watu saba?

Asalaam alaykum ndugu zangu, mie niko Chake Chake, tuna vijana 18 tunafanya mazoezi ya raga, maji yakikupwa tunateremka pwani maana mchanga haumuumizi mtu akianguka, kiwanjani watu wa futboli ndo wengi na siwalaumu. Sasa wenzetu wa bara wametwambia tuingie ligi yao ya ridhaa. Roho inataka kweli kweli, ila raga ya 15 na akiba 8 ni watu 23, na kila mechi ya ugenini ni boti kutoka Mkoani, kulala, kula, na vijana wengine wavuvi wengine bado skuli, nauli atatoa nani?

Kinachonitia hofu zaidi ni skramu, pale wachezaji wa timu mbili wanaposhikana, wakainama na kusukumana kugombea mpira. Wale watatu wa mbele wanabeba msukumo wote shingoni, ikiporomoka vibaya mtu anaweza kuvunjika shingo, na sie hatuna kocha aliyesomea. Nikamwambie nini mama wa mtoto?

Mwenzangu anasema tuanze na saba, nusu ni dakika 7 tu na skramu ni watatu kwa watatu. Ana hoja, lakini saba inataka mbio na wale vijana wazito watakosa nafasi, nao ndo walioanza na mie toka siku ya kwanza, inaniuma.

Mliowahi kuendesha klabu ndogo, nyie mlianzaje? Na mafunzo ya ukocha wa skramu mtu anayapata wapi?