I-80 Chicago hadi Sacramento: utabiri wa saa 48 wa majira ya baridi unasomwaje?

mzigo_magharibi: Wakuu, nina lori lenye mzigo wa Chicago kwenda Sacramento kwa barabara kuu ya I-80. Ramani za theluji kwenye simu kila moja inasema lake. Nimefungua maelezo ya muda mfupi ya Weather Prediction Center (kituo cha serikali ya Marekani cha utabiri wa hali ya hewa), yamejaa 12Z na 00Z. Mnayasomaje ili kuamua kuondoka, kusubiri, au kushukia I-40, barabara ya kusini?

Barometa: Anza na saa, hapo ndipo wengi huteleza. Z ni saa ya kimataifa. Majira ya baridi, 12Z ni saa 12 asubuhi Chicago, saa 11 alfajiri Wyoming, saa 10 alfajiri Sacramento. Kwa hiyo 00Z ya Ijumaa, kwa Chicago, ni Alhamisi saa 12 jioni. Ukiisoma kama usiku wa kuamkia Jumamosi, umechelewa zaidi ya siku nzima na dhoruba imeshakupita au imeshakukuta.

Pili, maelezo hayo hutoka mara mbili kwa siku na hugusa nchi nzima kwa kama siku mbili. Kwa saa 11 za usukani kwa siku, siku mbili zinakufikisha karibu na Cheyenne, Wyoming. Basi toleo unalosoma Chicago litumie kwa Iowa na Nebraska. Habari za Donner Pass, njia ya mlimani ya I-80 kule California, utazisoma ukiwa Wyoming. Kuzipigia hesabu sasa ni kubahatisha.

Kuhusu rangi za ramani: Watch ni uwezekano, mara nyingi siku moja au mbili kabla, Warning ni jambo limeanza au karibu limethibitika, Advisory ni dogo kuliko Warning, ila linatosha kulaza lori ubavuni. Inchi za theluji zinazofikisha Warning hutofautiana: kusini chache, milimani nyingi. Usilinganishe rangi ya Tennessee na ya Utah.

upepo_wa_ubavu: Nyongeza kwa Wyoming. Huko kinachofunga barabara mara nyingi ni upepo, hata bila theluji mpya. Theluji ya juzi hupeperushwa chini chini ukakosa kuona mstari, huku juu mbingu ni ya buluu. Ukitoka Laramie, I-80 inapinda kaskazini-magharibi kuelekea Arlington na Elk Mountain, na upepo mkali wa kule huvuma kutoka kusini-magharibi. Yaani unakupiga ubavuni kabisa. Angalia kasi ya mavumo ya ghafla, si wastani, na upige 511, namba ya habari za barabara, kabla ya Cheyenne. Pale hutangazwa barabara kufungwa kwa magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu. Uzito wa trela yako?

mzigo_magharibi: Kwenda limejaa. Kurudi huenda tupu.

upepo_wa_ubavu: Basi hatari yako ni ya kurudi. Barabara ikitangazwa kufungwa kwa malori matupu, lala Rawlins, magharibi mwa Elk Mountain.

minyororo_tayari: Donner: tafuta kimo cha theluji, yaani urefu ambao mvua inageuka theluji. Kilele kiko futi 7,239. Kimo kikiwa 5,500, Colfax, mji ulio chini mlimani, utapata mvua tu lakini juu utavaa minyororo. Kumbuka kimo hicho kwa kawaida kiko kama futi 1,000 chini ya urefu ambapo joto la hewa ni nyuzi sifuri, kwa hiyo usichanganye namba hizo mbili.

Ukiona R1, daraja la kwanza la masharti ya minyororo ya California, kwa lori lenye trela tayari ni minyororo: ekseli ya kuvuta, na trela yenye breki walau ekseli moja. R3 ni magari yote bila msamaha, ingawa kwa kawaida barabara hufungwa kabla ya kufika hapo. Tandaza mnyororo chini kwanza ukague viungo, vifungio vya kukazia viwe upande wa nje, ndoano zikitazama mbali na tairi. Funga, songa kidogo, simama ukaze tena. Anayeruka hatua hii ya mwisho ndiye anayepasua mudigadi na kukata bomba la hewa.

Barometa: I-40 nayo si kimbilio la bure. Hewa ya joto ikipanda juu ya tabaka jembamba la baridi, theluji inayeyuka angani na matone yanaganda yakigusa lami. Kwenye maelezo tafuta mvua inayoganda kwa Oklahoma na Texas kaskazini. Nyuzi joto 1 chini ya sifuri na ukungu mwepesi wa matone vinatosha, na madaraja hutangulia. Inchi 2 za theluji unazikanyaga. Robo inchi ya barafu haina minyororo ya kuitegemea. Hapo bora I-80 na kusubiri kwa muda wa saa 12.

minyororo_tayari: Na dizeli ya bondeni California mara nyingi haijaandaliwa kwa baridi ya Wyoming. Dawa ya kuzuia nta, ile inayogandisha dizeli kwenye baridi, itie kabla ya kujaza, mafuta yakiwa bado ya uvuguvugu. Yakishaganda kwenye chujio, dawa hiyo haiyayeyushi.