Kansa ya ngozi ya shemeji yangu: je, iko kwenye damu ya wanangu?

NyarAhero

Habari zenu. Niko Ahero, upande wa mashamba ya mpunga. Mume wangu ana kaka yake mwenye ualbino ambaye amelima tangu ujana wake. Mwaka jana alitokwa na kidonda juu ya sikio. Kinakauka, gamba linabanduka, kinatoa damu, halafu kinarudi vilevile. Mwishowe tukampeleka Kisumu, pale hospitali ya Jaramogi tunayoiita Russia. Walikata kipande kidogo wakakipima, na majibu yamesema ni kansa ya ngozi.

Nina watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka tisa, mweusi kama babake. Wa pili ni mvulana wa miaka minne, ana ualbino. Sasa nina mimba ya miezi mitano. Tangu majibu yatoke, mama mkwe anarudia kila siku kwamba kansa iko kwenye damu ya ukoo wao na itachukua wajukuu mmoja mmoja. Huyu mdogo wangu ana madoa ya kahawia mashavuni na mabegani, na kila nikimwogesha macho yangu yanaenda hapo hapo.

Nimesoma kwenye simu kwamba kuna jeni za kansa ya ngozi ambazo mzazi humpa mtoto. Niliacha kusoma nikashindwa kulala. Naomba anayejua anieleze wazi: wanangu wamerithi kansa? Hata yule mweusi? Na huyu wa tumboni?

Sista_KlinikiYaNgozi

Pole mama, na umpelekee shemeji pole zangu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kliniki ya ngozi muda mrefu, na wengi wanaokuja kwetu na vidonda kama hicho ni watu wenye ualbino. Nitakujibu polepole.

Mwanao hakurithi kansa. Alichorithi ni ngozi isiyo na rangi ya kutosha. Ile rangi, melanini, ndiyo inayozuia miale mikali ya jua isifike ndani ya chembe za ngozi. Isipokuwepo, jua linaharibu vinasaba vya chembe hizo. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu, lakini si wote. Kinachobaki kinajikusanya mwaka baada ya mwaka, hadi siku chembe moja inaanza kujizalisha bila breki. Kansa ya shemeji imejengwa na miaka ya jua la shambani juu ya ngozi isiyo na kinga. Kwa hiyo mwanao ana hatari kubwa kuliko dadake, hilo silifichi, ila hatari hiyo inapitia kwenye jua, na jua tunaweza kumkinga nalo. Kwa umri wa miaka minne bado mko mapema sana.

Sasa jeni. Aina ya ualbino iliyo nyingi kwetu Afrika inatokana na hitilafu kwenye jeni inayoitwa OCA2, katika kromosomu ya 15. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Ili mtoto azaliwe na ualbino, lazima apokee nakala yenye hitilafu kutoka pande zote mbili. Maana yake wewe pia unabeba moja, sawa na mume wako, na ninyi wawili ngozi zenu ni nyeusi na salama. Sikwambii hivyo ili mama mkwe apate wa kulaumu. Nakwambia kwa sababu maneno ya "damu ya ukoo wao" hayana msingi. Watu wengi sana wanabeba nakala moja na hawatajua maisha yao yote.

Huyu wa tumboni ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ualbino. Hesabu hiyo inaanza upya kila mimba, haiangalii aliyetangulia. Binti yako mweusi huenda anabeba nakala moja, nafasi ni mbili kati ya tatu, lakini kubeba tu hakumwongezei hatari tunayozungumzia hapa.

Ulichosoma kwenye simu ni kweli, ila ni habari ya watu wengine. Kuna jeni inaitwa CDKN2A, iligunduliwa mwaka 1994, ambayo ikiharibika huwapa baadhi ya familia kansa aina ya melanoma, ile inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi, kizazi baada ya kizazi. Familia hizo nyingi ni za watu weupe wa Ulaya, Marekani na Australia. Ya shemeji, nikikisia kwa jinsi ulivyoieleza, ni aina nyingine, inayoanzia kwenye chembe za juu za ngozi, na ndiyo tunayoiona zaidi kwa wenye ualbino.

Madoa ya kahawia ya mtoto ni rangi kidogo ambayo ngozi yake imejitahidi kutengeneza. Si kansa. Yanaonyesha kwamba jua limemfikia mahali hapo. Ninachotaka uangalie ni mahali pakavu penye magamba panapokwaruza kidole, uvimbe unaokua, au kidonda kisichopona ndani ya mwezi. Ukiona kimojawapo, njoo.

FundiCherehani_Nakuru

Mama Ahero, mimi nina ualbino, nina miaka hamsini na kitu, na nashona nguo hapa Nakuru. Sista amemaliza upande wa kitabu, mimi niongeze wa nguo.

Kepi haitoshi. Inafunika paji la uso, masikio na kisogo vinaachwa nje, na huko ndiko tunakoumizwa. Mshonee kofia yenye ukingo wa mviringo, upana wa vidole vinne hivi. Kitambaa ukiinua juani usione mwanga ukipenya. Shati la mikono mirefu lenye kola. Shule moja iliwahi kumkataza mtoto wa mteja wangu kuvaa kofia eti si sare. Mzazi alirudi na barua ya daktari, wakakubali. Hiyo barua itafute kabla hajaanza shule.

Losheni ya kukinga jua iwe SPF 30 au zaidi (hiyo namba ni kipimo cha nguvu yake, imeandikwa kwenye chupa), apakwe robo saa kabla ya kutoka na arudiwe kila baada ya saa mbili. Usisahau masikio, kisogo na migongo ya mikono. Midomo ina yake. Mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wanaoishi na Ulemavu, wana mpango wa kutugawia losheni bure kupitia hospitali za serikali. Wakati mwingine inaisha, kwa hiyo nguo ndiyo ngao ya kwanza na losheni inasaidia.

Na usidanganywe na baridi. Hapa kwetu tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, asubuhi unavaa sweta, lakini miale ni mikali kuliko huko chini ziwani. Mawingu nayo hayaizuii yote. Saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, mtoto acheze kivulini.

Kisumu_Boy254

Kwani sisi weusi hatupati kabisa?

Sista_KlinikiYaNgozi

Tunapata, ingawa mara chache. Melanoma yetu hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, na huko jua si sababu kubwa. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi chini ya wayo linalopanuka lisiachwe.

NyarAhero

Asanteni sana, Mungu awabariki. Usiku nimemsomea mume wangu majibu yote, na yeye ndiye atakayezungumza na mamake. Kofia naipeleka kwa fundi hapa sokoni. Lakini shemeji anaogopa kisu. Jirani amemletea unga wa mizizi, anasema kansa ikikatwa inakasirika na kusambaa.

Sista_KlinikiYaNgozi

Mwambie kinachosambaza ni kungoja. Kansa hii ikikatwa yote ikiwa ndogo, wagonjwa wengi hupona. Ikiachwa inaingia kwenye gegedu la sikio, kisha kwenye tezi za shingo, na hapo matibabu yanakuwa mazito kweli. Unga asiuweke. Unaunguza juu, chini ugonjwa unaendelea, na daktari anashindwa kuona mipaka yake. Mpapase taratibu chini ya sikio na kando ya shingo. Ukikuta uvimbe mgumu, usingoje tarehe aliyopewa, mrudishe kesho asubuhi na karatasi ya majibu mkononi.

Na siku hiyo mje na mtoto. Ngozi yake ikaguliwe yote, na macho yapimwe, maana wenye ualbino wengi hawaoni mbali vizuri na miwani inaweza kumsaidia darasani.

FundiCherehani_Nakuru

Shemeji akitaka kuzungumza na mtu aliyekatwa, anitumie ujumbe hapa. Nina mshono nyuma ya sikio la kushoto, wa miaka mingi sasa.