MJADALA: Kukandamiza kifua liwe somo la lazima kwa kila mtu, au tuache hiari?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Nianze na yaliyonikuta. Mzee mmoja alianguka mbele yetu kwenye foleni, tukiwa watu kama thelathini. Mmoja akakimbilia maji, mwingine akampepea kwa karatasi, wa tatu akamvua viatu. Mzee alikuwa akivuta pumzi kwa mkoromo: moja, kimya kirefu, halafu nyingine. Sisi tukawa tunaambiana, "Anapumua, anapumua!" Hakuna aliyegusa kifua chake. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ule mkoromo haukuwa kupumua. Moyo ulikuwa umeshasimama, na zile zilikuwa pumzi za mwisho ambazo ubongo huzitupa ukikosa damu. Yaani tulikuwa tunashukuru Mungu kwa dalili ya kifo.

Hoja yangu: mafunzo ya kukandamiza kifua yawe lazima, shuleni na kwa kila anayeomba leseni ya udereva. Moyo ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa kifaa, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Ndani ya dakika 4 hadi 6 ubongo huanza kuharibika. Hata penye magari mazuri ya wagonjwa, ni nadra yakafika mapema hivyo. Anayefika ni aliyekuwa amesimama pale pale.

Denmark waliingiza mafunzo haya shuleni mwaka 2005, na kwenye leseni mwaka 2006. Mwaka 2001, katika watu walioangukia nje ya hospitali, kama asilimia 21 tu ndio waliopata raia wa kuwakandamiza kifua. Kufikia 2010 wakawa asilimia 45. Waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Karibu mara tatu.

Karibuni tubishane.

Fundi Saa

Mleta mada, nakuunga mkono kwenye kilio, nakupinga kwenye dawa.

Ukishaweka neno "lazima" na "leseni" kwenye sentensi moja, umezaa biashara ya vyeti. Watu watalipa, watapiga muhuri, watasahau. Na hata aliyejifunza kweli, mikono husahau upesi: miezi michache tu bila kurudia, anakandamiza juu juu au polepole. Sasa leseni unayohuisha baada ya miaka inanisaidia nini?

Halafu Denmark hawakufanya jambo moja. Vifaa vya kushtua moyo vilisambazwa nje ya hospitali, na huduma za dharura na matibabu ya hospitalini navyo vikaboreshwa. Huwezi kuchukua sifa yote ukalipatia darasa la leseni. Waliochapisha takwimu hizo wenyewe walikuwa waangalifu kuhusu nini kimesababisha nini.

Mimi pesa yote ningeipeleka kwa anayepokea simu ya dharura. Kule King County, jimbo la Washington nchini Marekani, tangu miaka ya 1980 mpokea simu humwelekeza aliyepiga: weka mikono hapa, sukuma, tuhesabu pamoja. Mtu asiyejua lolote anafundishwa dakika ileile anapohitaji. Hicho ndicho kitu cha kudai.

Muuguzi wa Zamu

Kabla hamjaendelea, tutenganishe mambo mawili, maana naona yanachanganywa kila siku. Mshtuko wa moyo ni mshipa wa damu unaolisha moyo kuziba. Mgonjwa mara nyingi ana fahamu, anaumwa kifua, anatoka jasho. Huyo hakandamizwi kifua, inapigwa simu ya dharura na anawahishwa hospitali. Moyo kusimama ni mtu aliyezimika, haitiki, hapumui au anakoroma kama yule mzee. Huyo ndiye. La kwanza laweza kuzaa la pili, lakini si kitu kimoja.

Na ukikandamiza, kandamiza kweli: katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Ndani ya dakika mbili utakuwa hoi, mpishe mwenzako. Mbavu zinaweza kulia. Zikivunjika zitaunga.

Kuhusu hoja ya Fundi Saa: simu inasaidia sana, sibishi. Lakini mwelekeze mtu ambaye hajawahi kugusa mdoli wa kufanyia mazoezi hata siku moja, uone muda anaopoteza akiuliza "hapa? hapa?" Aliyewahi kufanya mara moja, hata kama amesahau idadi, haogopi kuanza. Ninaloliona zaidi si kutojua. Ni woga.

Mpita Njia

Woga wa nini, dada? Wengi hapa hawaogopi mbavu. Wanaogopa kuambiwa "wewe ndiye uliyemuua". Mgonjwa akifia mikononi mwangu, ndugu wanakuja juu, askari ananiuliza nilikuwa namfanya nini. Nipe kwanza sheria ya kunilinda, halafu ndipo unilazimishe darasa. California walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1959, kwa kuanzia na madaktari. Ufaransa mwaka 2020 wakamtambua kisheria raia wa kawaida anayeokoa. Ujerumani ndio wamekwenda mbali, kutotoa msaada unaouweza ni kosa la jinai.

Bi Mkubwa

Mmezungumzia kila woga isipokuwa ule mnaoujua.

Akianguka mwanamke, mtafungua nguo? Mwaka 2018 Marekani ilitolewa takwimu kwamba kati ya walioangukia hadharani, wanaume asilimia 45 walipata mtu wa kuwakandamiza kifua, wanawake asilimia 39. Hao ni watu waliofundishwa sana kuliko wengi wetu. Mkono unasita.

Na mafunzo yenyewe yana kasoro hiyo. Yule mdoli maarufu aliyetengenezwa na Asmund Laerdal wa Norway mwaka 1960 amepewa sura ya msichana, inayosemekana ni ya msichana asiyejulikana aliyeopolewa mto Seine, lakini kifua ni bapa kama ubao. Wadoli wengi hadi leo ni hivyo hivyo. Mtu anajifunza kwa mwili ambao si wa mama yake, halafu tunashangaa akigwaya. Kama ni lazima, basi na mdoli wa kike awe lazima.

Mgumu Kumeza

Nyote mnazunguka. Kukandamiza kifua hakumwamshi mtu kama kwenye sinema. Kunasogeza damu kidogo kidogo mpaka kifaa cha kushtua moyo na madaktari wafike. Pasipo gari la wagonjwa wala kifaa, unamfundisha mtoto wa shule kukandamiza mpaka mikono iishe nguvu, halafu? Msinitajie Eriksen, yule mchezaji mpira wa Denmark aliyeanguka uwanjani Copenhagen Juni 2021. Yule alikuwa na madaktari pembeni na kifaa kikaletwa upesi. Jengeni mnyororo mzima wa uokoaji kwanza, kisha mtuuzie pete yake ya kwanza, yaani huko kukandamiza.

Mleta mada

Mgumu Kumeza, hoja yako ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko zote, nami sitajifanya nina jibu la kuimaliza. Ni kweli, peke yake haitoshi. Ila nina mawili.

Kwanza, si kila moyo unasimama kwa hitilafu ya umeme wake. Mtoto aliyeopolewa majini moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Huyo akipuliziwa pumzi na kukandamizwa kifua mapema, anaweza kurudi kabla hata kifaa hakijatajwa. Ukisubiri mnyororo ukamilike, huyu umemzika.

Pili, kifaa chenyewe ni chepesi kukifikisha kuliko gari. Kinaongea, kinakwambia ubandike wapi, na hakitoi umeme kama hakijaona mpigo unaouhitaji. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa ya kasino za Marekani ambako walinzi, si madaktari, walifundishwa kukitumia. Walioangukia mbele ya watu na kushtuliwa ndani ya dakika 3, asilimia 74 waliruhusiwa kutoka hospitalini wakiwa hai. Waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 49. Walinzi, mkuu. Sasa pete ya kwanza na ya pili zote ziko mikononi mwa watu wa kawaida.

Mpita Njia, sheria naikubali, iende sambamba. Lakini kumbuka wengi huangukia nyumbani. Utakayemkuta sakafuni huenda ni baba yako, na hapo hakuna askari wa kukuhoji, kuna mama yako tu anakutazama.

Fundi Saa, umenishinda kwenye leseni. Naiondoa. Nabaki na shule, kila mwaka, dakika chache za mdoli badala ya siku nzima mara moja maishani.

Fundi Saa

Hapo tunaanza kuelewana. Swali moja la uungwana: wewe mwenyewe baada ya yule mzee ulijifunza?

Mleta mada

Nilijifunza. Alasiri moja, miaka minne iliyopita. Jana usiku, baada ya kusoma ulichoandika kuhusu mikono kusahau, nilijaribu kwenye mto wa kitanda na saa mbele yangu. Nikafika 84 kwa dakika nikidhani naenda mbio.